Tathmini: Datsun 240Z ya Safari Rally ya 1971, modeli ya kuunganisha kwa skeli ya 1/24

Gari lililoshinda East African Safari Rally mwaka 1971 lilikuwa na viti viwili tu, boneti ndefu na paa linaloteremka moja kwa moja hadi nyuma, na mtu asiyelijua angedhani limeundwa kwa ajili ya lami nyororo tu. Datsun 240Z hiyo iliendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, huku Hans Schüller akiwa msoma ramani wake. Nafasi ya pili ilichukuliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa ndani ya 240Z. Mehta alirudi na gari la aina hiyohiyo mwaka 1973, safari hii pamoja na Lofty Drews, akashinda. Ndiyo maana seti ya plastiki ya gari la Herrmann niliikagua kwa jicho kali kuliko ambavyo ningeikagua Ferrari au Porsche ya skeli hiyohiyo: hili ni gari ambalo wazee wetu walisimama kando ya barabara kulisubiri lipite.

Seti inatoka Japani. Simtaji mtengenezaji kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu ya kazi yake, na nisingependa tathmini ya boksi moja igeuke kuwa hukumu juu ya kampuni nzima. Ndani ya boksi mna bodi iliyomwagwa kwa kipande kimoja, fremu za plastiki zilizoshikilia vipande vidogo vya kukatwa, vioo, matairi ya mpira, karatasi ya vibandiko vya maji (vile vinavyolowekwa kabla ya kubandikwa) na kijitabu cha maelekezo chenye michoro inayoeleweka hata kwa asiyesoma Kijapani. Gari likikamilika, likiwa dogo mara 24 kuliko halisi kama skeli inavyosema, lina urefu wa sentimita 17 hivi, yaani linatosha kwenye kiganja kilichokunjuliwa vizuri.

Sifa kubwa ya seti hii ni bodi. Umbo la 240Z ni gumu kulipunguza bila kuliharibu, kwa sababu uzuri wake uko kwenye mikunjo miwili mitatu tu: mashimo marefu ya taa za mbele yanayozama ndani ya mabawa, mwinuko mdogo katikati ya boneti, na mstari wa dirisha la ubavuni unaopanda kidogo kabla ya kufika nyuma. Mkunjo mmoja ukikosewa, gari zima hugeuka kuwa kama toi la sokoni. Hapa yote mitatu imetoka sawasawa. Mistari ya milango ni myembamba na ina kina cha kutosha, na mishono iliyoachwa na kalibu huondoka kwa msasa laini wa maji bila kuhitaji kuzibwa kwa filla. Upungufu ni kwamba boneti haifunguki wala hakuna injini chini yake. Kwa gari lililobeba injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 2.4, naona hilo ni hasara, ingawa naelewa kwamba boneti inayofunguka mara nyingi huacha nyufa pana zinazoharibu sura ya bodi.

Kazi yenyewe iko kwenye rangi. Gari la 1971 lilikuwa jekundu na boneti yake nyeusi, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ndipo macho ya kila mtazamaji yatakapotua kwanza. Rangi maalumu za modeli ni adimu madukani kwetu, hivyo wengi huishia kwenye maduka ya rangi za magari, kama yale ya Gerezani hapa Dar es Salaam, ambako fundi atakuchanganyia wekundu wowote unaoutaka. Jambo hilo linawezekana kwa sharti moja: rangi ya gari huja na thina kali ambayo hula plastiki ya aina hii, ikaiacha na nyufa ndogondogo zisizofutika. Bodi lazima ipigwe praima (rangi ya msingi) kwanza, kwa mikono myepesi, yaani matabaka membamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine, na rangi nayo ianze kama vumbi jepesi kabla ya kuthubutu kupiga mkono uliolowa. Afadhali ujaribu kwanza kwenye fremu tupu ambayo ungeitupa.

Unene nao ni wa kuhesabia. Kwa skeli hii, rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, na hakuna gari linalopakwa rangi nene kiasi hicho. Ukipiga mikono mingi mizito, ile mistari mizuri ya milango niliyoisifu inajaa na kupotea. Anayeishi pwani ana adui mwingine, nao ni unyevu wa hewani: rangi inayokauka haraka hushika ukungu mweupe ikipigwa wakati wa masika au mara baada ya mvua. Nilipaka yangu katika siku kavu, jua likiwa limeshapanda, na wekundu ulitoka ukiwa na mng'ao unaoridhisha bila kuhitaji kusuguliwa sana. Boneti niliizibia kwa utepe mwembamba wa kuzuia rangi, kisha nikapiga mkono mmoja wa rangi nyekundu juu ya ukingo wa utepe kabla ya kupiga nyeusi, ili kama kuna upenyo, uzibwe na rangi ileile ya chini. Mpaka ulitoka umenyooka kabisa.

Vibandiko vimechapwa vizuri na herufi ndogo zinasomeka kwa kioo cha kukuzia, lakini havipindiki kirahisi. Namba 11 ya mlangoni hukaa bila tatizo, ila vile vinavyopita juu ya mikunjo hukataa kulala. Maji ya vuguvugu pamoja na siki iliyozimuliwa, inayopakwa kwa brashi laini chini na juu ya kibandiko, ilivilegeza vikashika umbo la bodi. Asiye na subira atavichana hapa.

Ndani ya gari na chini yake sina mengi ya kusema. Dashibodi ni nzuri, na mashimo ya saa zake yana kina halisi; viti havina mikanda yoyote, nami niliitengeneza kwa utepe wa kitambaa. Ekzosi na shokamzoba zinaonekana ukiligeuza gari juu chini, jambo ambalo mgeni wa kawaida hatalifanya.

Malalamiko yangu ya kweli yako mbele ya gari. Fremu inayobeba taa za ziada imetolewa ikiwa nyembamba sawa na gari halisi, na hilo ni la kusifiwa, lakini imeunganishwa na fremu yake ya kiwandani kwa vishina vinene kuliko yenyewe. Ukikata kwa koleo ya kawaida, inapasuka. Yangu ilipasuka, ikabidi nikunje mpya kutoka kwenye waya wa shaba. Vioo vya taa navyo vinahitaji gundi ya aina nyingine kabisa: gundi ya kuyeyusha plastiki huviacha na ukungu, na zile gundi za kukausha papo hapo hufanya vivyo hivyo kwa mvuke wake. Gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikiwa angavu, inatosha, na mtengenezaji angeweza kulisema hilo kwa mchoro mmoja tu kwenye kijitabu. Hakulisema.

Linalobaki ni suala la matope, na hapa seti inakuachia uamuzi. Picha ya boksini inaonyesha gari safi kama siku lilipotoka karakana. Safari ya miaka ile ilikimbizwa wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika huwa zimeanza au zinakaribia, na gari lililokuwa limevuka nyika na milima lilifika likiwa na rangi ya ardhi kuliko rangi ya kiwandani. Mimi nilichagua matope. Usitumie udongo halisi hata kama umeuchekecha: chembe ya nusu milimita ni kokoto ya milimita 12 kwa skeli hii, na gari litaonekana limemwagiwa changarawe. Unga wa chaki za kuchorea, wa kahawia na mwekundu, uliosagwa kwenye msasa na kuchanganywa na vanishi isiyong'aa, hutoa tope linaloaminika nyuma ya matairi na kwenye madigadi. Juu zaidi, usawa wa vitasa vya milango, unga mkavu pekee unatosha, ukisambazwa kwa brashi kuelekea nyuma kwa sababu ndiko upepo wa mwendo hulisukuma vumbi. Kioo cha mbele kiachwe na nusuduara mbili safi mahali waipa zinapofagia. Ziba kwa utepe kabla ya kupaka vumbi.

Kuhusu gharama, mnunuzi ajue kwamba bei ya boksi ni mwanzo tu. Nilipojumlisha usafirishaji, ushuru, praima, rangi, vanishi na gundi za aina mbili, jumla ilikaribia mara mbili ya bei ya seti. Kwa aliyekwisha kuunganisha modeli moja au mbili rahisi, fedha hiyo imekwenda mahali pake. Mtoto wa shule anayeanza atafutiwe seti ya kubana bila gundi, maana ile fremu ya taa za mbele peke yake itamkatisha tamaa. Na mtengenezaji akitaka kuuza zaidi katika eneo hili, aongeze karatasi ya pili yenye vibandiko vya gari la Mehta na Drews la 1973. Bodi anayo tayari, nami ningenunua boksi la pili bila kuuliza bei.