EdD nikiwa bado kazini: uzoefu wangu

Walimu wenzangu huniuliza kama shahada ya uzamivu ya elimu (EdD) inamfaa mtu ambaye tayari ana miaka yake kazini, ana majukumu na hana mpango wa kuacha shule. Jibu langu ni ndiyo, ilimradi kazini kwake kuna tatizo la kweli na yeye ana nafasi ya kuligusa. Asiye na hayo mawili simshauri aingie, maana ni safari ndefu na zipo njia nyingine nzuri za kujiendeleza. Mimi nimemaliza, tasnifu imepita, na ninaandika yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya kujaza fomu.

Wengi huchanganya EdD na PhD. Zote ni shahada za uzamivu na mhitimu wa yoyote kati yake huitwa Daktari. Tofauti iko kwenye chimbuko la swali. Wa PhD kwa kawaida huanza na pengo lililomo kwenye maarifa ya fani, wa EdD huanza na jambo linalokwama mahali anapofanyia kazi. Hiyo ndiyo nia. Utekelezaji umekuwa na historia yenye mabishano. Harvard kilianza kutoa EdD mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwa miongo mingi watu wakalalamika kwamba ni PhD iliyopunguzwa tu. Mwaka 2006 Lee Shulman, aliyekuwa akiongoza Taasisi ya Carnegie ya Marekani inayoshughulikia ufundishaji, na wenzake walilisema hilo hadharani, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa taasisi hiyo uliokusanya vyuo vya Marekani ili vikae vifikirie upya shahada hii ni ya nani na tasnifu yake ifananeje. Uingereza ilikuwa imeanza kuitoa mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Bristol. Naitaja historia hii kwa sababu moja: hadi leo kuna programu zilizofikiriwa upya kweli na kuna zilizobadilisha jina tu, na vipeperushi vyao vinafanana.

Nilipoanza nilikuwa naibu mkuu wa shule ya sekondari, nikisimamia taaluma na kufundisha vipindi vichache vya sayansi. Kila mwisho wa muhula tulikaa kikao, tukasoma matokeo, tukaandika mikakati. Muhula uliofuata tulikaa tena tukasoma matokeo yaleyale. Nilichoka na mikakati isiyo na ushahidi. Nilitaka kujua nini hasa kinakwama, na nijue kwa namna ambayo hata mwalimu asiyekubaliana nami angeweza kuukagua ushahidi mwenyewe.

Nilikwenda na mada pana kabisa: uongozi wa shule na ufaulu wa wanafunzi. Mhadhiri wa mbinu za utafiti alilizungushia duara neno "ufaulu", na pembeni akaandika: "Ufaulu wa nani, katika nini, na wewe una mkono gani hapo?" Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mwishowe niliona nisilijibu kwa vitabu. Nilichukua rundo la madaftari ya sayansi ya kidato kimoja, nikajifungia ofisini, nikayafungua moja baada ya jingine. Walimu walikuwa wamefanya kazi yao. Juu kuna alama, chini kuna maoni kwa wino mwekundu: "onyesha hatua", "kumbuka vizio", "soma tena swali". Ukifunua kurasa chache mbele, kosa ni lilelile, na maoni ni yaleyale kwa mwandiko uleule. Kuna daftari ambalo mwanafunzi alikuwa ameandikiwa "kumbuka vizio" tangu muhula unaanza, na jibu lake la mwisho lilikuwa 25. Mita au sekunde, hakusema. Mwalimu alikuwa amechoka kuandika, akaweka alama ya kuuliza tu.

Hapo ndipo nilipopata utafiti wangu. Kwa nini maoni ya mwalimu hayasomwi, na sisi tunaweza kubadili nini ili yasomwe na kufanyiwa kazi?

Mapitio ya machapisho niliyaogopa, lakini ndiyo yaliyonipa furaha ya kwanza. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya na wanafunzi wa Israel. Waliopewa maoni peke yake walisonga mbele, ilhali waliopewa alama hawakufaidika hivyo, hata wale waliopewa alama pamoja na maoni. Alama ikikaa kando ya maoni, jicho la mwanafunzi huishia kwenye alama. Utafiti huo ulichapishwa kabla sijaanza kufundisha, na katika semina zote nilizowahi kuhudhuria sikuwahi kuusikia ukitajwa. Nikaanza kuwaza ni mangapi mengine yamelala kwenye maktaba huku sisi tukiyahangaikia kila muhula. Kama ningeambiwa nitaje faida moja tu ya EdD, ningetaja hii: inakufundisha kutafuta yaliyokwisha kujulikana, kuyapima, na kuyaleta shuleni kwa lugha ambayo mwalimu mwenye vipindi sita kwa siku ataielewa.

Njia niliyotumia ni mizunguko mifupi ya kupanga, kutenda, kuchunguza na kurekebisha. Ina mizizi viwandani, kwa wataalamu wa udhibiti wa ubora Walter Shewhart na W. Edwards Deming, ikaingia hospitali na baadaye shule. Mzunguko wa kwanza tulirudisha madaftari yenye maoni tu, alama zikabaki kwenye kumbukumbu za mwalimu. Wanafunzi walikuja juu, na wazazi kadhaa walipiga simu wakidhani alama zimefichwa kwa sababu ni mbaya. Tungeishia hapo kama tusingekuwa tumekubaliana mapema kwamba mzunguko wa kwanza ni wa kujifunza. Wa pili tulibadilisha mambo mawili: maoni yawe machache na yaandikwe kama swali la kujibiwa, na dakika kumi za mwanzo wa kipindi ziwe za kusahihisha, ndipo alama itajwe. Kwa walimu waliotoa zile dakika kumi, masahihisho yaliongezeka waziwazi. Kwa waliowaambia wanafunzi wakasahihishe nyumbani, hali ilibaki karibu kama zamani. Ni matokeo madogo, ya shule moja, lakini mwalimu yeyote wa idara ile anaweza kukueleza yalipatikanaje.

Sasa sehemu ngumu, ambayo naona ndiyo roho ya shahada hii. Nilikuwa nikitafiti watu ninaowasimamia. Mimi ndiye niliyepanga ratiba zao na mimi ndiye niliyeandika tathmini zao za mwaka. Nilipopeleka maombi kwa kamati ya maadili ya utafiti, fomu ya ridhaa niliiona imekamilika: kushiriki ni hiari, unaweza kujitoa wakati wowote, majina hayatatajwa. Kamati ikairudisha na swali: mwalimu akikataa, mtafiti atajua? Nilikuwa bado nalitafakari wakati mwalimu mmoja kijana, katika mazungumzo ya kawaida, aliponiuliza jambo lilelile kwa maneno yake. "Mama, nikisema sitaki, si utaniona mimi ndiye mkaidi?" Aliuliza kwa heshima, na uso wake ulionyesha kwamba anahitaji jibu.

Tulibadilisha mpango wote. Mwenzangu wa kundi letu la masomo, ambaye hakuwa na cheo chochote pale shuleni, ndiye aliyekusanya fomu na kufanya mahojiano. Mimi nilipokea maandishi yaliyokwisha kuondolewa majina na kila kitu ambacho kingenionyesha nani ni nani. Orodha ya waliokubali na waliokataa sikuiona, na hadi leo sijaiona. Na mimi nikafanya hivyohivyo kwake shuleni kwake. Iliongeza kazi na ikachelewesha kalenda, lakini mahojiano yale yalikuwa na ukweli ambao nisingeupata nikikaa mwenyewe mezani. Mwalimu mmoja alisema anaandika maoni mengi kwa sababu mkaguzi hufungua madaftari kutafuta wino mwekundu. Hilo lilihusu ofisi yangu moja kwa moja, na likawa sura nzima ya tasnifu.

Usimamizi ndio ulionisumbua. Msimamizi wa kwanza niliyepangiwa alichukua miezi kurudisha sura moja, na iliporudi ilikuwa imesahihishwa nukta na mkato tu, hoja hazikuguswa. Mwanafunzi wa uzamivu huogopa kulalamika, maana huyo ndiye mwenye mustakabali wako mkononi. Niliandika barua fupi kwa mratibu wa programu, yenye tarehe za kuwasilisha na tarehe za kurudishiwa, bila neno la hasira, nikaomba mtu mwingine. Nikapewa, na kazi ikaanza kwenda. Jina la chuo silitaji, maana niliyoyasikia kwa wanafunzi wa kwingineko yanafanana na yangu. Ninachokuhimiza ni kuuliza mapema msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, na kanuni zinampa siku ngapi za kurudisha kazi. Chuo kinachojali hili kitakujibu papo hapo.

Kuhusu muda, kwa anayesoma huku anafanya kazi, miaka mitatu hadi sita ni jambo la kawaida, na wapo wanaozidi hapo. Tasnifu ya EdD mara nyingi ni fupi kuliko ya PhD kwa sababu sehemu ya kazi imeshafanyika kwenye kozi, lakini wepesi huo usikudanganye. Kozi zina ratiba, zina wenzako, zina tarehe ya kuwasilisha. Zikiisha unabaki na mada yako, na kazini hakuna anayejua kwamba wiki hii ulitakiwa kuandika. Marekani wana jina kabisa la watu wa hatua hiyo, ABD, yaani waliomaliza yote isipokuwa tasnifu. Sisi tulijiokoa kwa njia rahisi. Kila Jumamosi alfajiri tulifungua kikao cha mtandaoni, tukasalimiana, kila mmoja akataja anachoandika, tukazima sauti na kuandika. Mwishoni kila mtu alisema alipofika. Hakuna aliyesoma kazi ya mwenzake, na hata hivyo kikao kile kilinivusha kuliko kitabu chochote cha jinsi ya kuandika tasnifu.

Kundi lenyewe ni zawadi. Tulikuwa na walimu wakuu, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, mtu wa mitaala, na muuguzi anayefundisha wauguzi. Yule muuguzi ndiye aliyewahi kuniuliza kwa nini shule hazifanyi kikao cha kukabidhiana zamu: mwalimu wa mwaka jana akae na wa mwaka huu, amweleze kila mtoto amefika wapi. Tumelianzisha sasa, na ni wazo ambalo nisingelipata nikiwa na walimu watupu.

Kwenye utetezi mtahini wa nje hakunisumbua sana na takwimu. Aliniuliza: "Ukihamishwa kesho, kitabaki nini?" Niliweza kujibu kwamba zile dakika kumi zimo kwenye maazimio ya kazi ya idara ya sayansi, na kwamba fomu ya ukaguzi wa madaftari haitafuti tena wingi wa wino, inatafuta sahihisho la mwanafunzi. Niliweza pia kusema kwamba idara ya lugha iliukataa utaratibu huu kwa hoja nzuri, kwa kuwa insha haisahihishwi kwa dakika kumi, na hoja yao imo kwenye tasnifu.

Je, naipendekeza? Kwa mwalimu mkuu, mkufunzi, mratibu wa taaluma au mthibiti ubora anayekusudia kubaki kwenye kazi hii, naipendekeza kwa moyo wote. Kwa anayetaka hasa ajira ya kufundisha na kutafiti chuo kikuu, aulize kwanza, maana vipo vyuo vinavyotaka PhD kwa nafasi hizo. Anayefuata cheo au nyongeza ya mshahara amuulize mwajiri wake kwa maandishi kama EdD inatambuliwa, na athibitishe kwamba chuo chenyewe kina ithibati. Uliza pia kama kuna shahada ya uzamili unayoweza kuondoka nayo ukishindwa kuendelea, kwa sababu ugonjwa na misiba haviheshimu kalenda ya chuo.

Kisha ingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo unachokitamani, kwani vyuo vingi huweka tasnifu zao wazi, usome chache za EdD kutoka sura ya mwisho kurudi nyuma. Tafuta mahali mwandishi anaposema nini kilibadilika shuleni kwake, au nini kiligoma kubadilika na kwa nini. Ukikuta zote zinamalizia kwa kusema wizara iongeze bajeti na watafiti wengine wafanye utafiti zaidi, tafuta chuo kingine.