TAHADHARI: Oili inavuja juu, wanakuuzia kushusha giaboksi

Ndugu zangu wenye IST, Vitz, Raum na Probox hapa Dar, naomba mnisikilize. Mimi ni fundi, na ninazidi kuletewa magari yaliyoharibiwa na watu waliolipwa kuyatengeneza.

Mchezo uko hivi. Umeenda kumwaga oili, jamaa anachungulia chini anakuta matone pale injini inapoungana na giaboksi. Papo hapo: "Bosi, sili ya krenki ya nyuma imekufa, lazima tushushe giaboksi." Hiyo ni raba inayozuia oili isitoke pale krenki inapoelekea kwenye giaboksi. Duka la spea la jirani wameshapanga naye, sili inafika hata hujauliza bei. Unatoa laki kadhaa, wanaosha injini, unakabidhiwa gari kavu. Baadaye matone yanarudi palepale, maana sili haikuwa na tatizo lolote. Kinachovuja ni gasketi ya tapeti kava, yaani raba ya kifuniko cha juu kabisa cha injini, na oili inashuka kwa nyuma ya injini hadi inadondokea kwenye maungio ya giaboksi.

Kwa hiyo usikubali giaboksi iguswe kabla injini haijaoshwa, ikatembezwa, kisha mkamulika kwa tochi kuanzia juu. Kama unyevu unaanzia ukingoni mwa kava, jibu mmeshalipata. Chomoeni na koili, zile zinazokaa juu ya plagi na kuzipa umeme: mkikuta oili kwenye mashimo ya plagi, imevuja kutoka juu, na hiyo ndiyo inayoua koili na kufanya injini imisi, yaani itetemeke na kukosa nguvu. Harufu ya oili inayoungua nayo ni dalili, kwa kuwa matone huangukia manifodi ya ekzosi (bomba la kutolea moshi kwenye injini) yenye moto.

Wengine wanakubali ni gasketi, ila wanakuuzia feki ndani ya boksi zuri. Namba ya Toyota ya gasketi hii huanza na 11213, na wanaoghushi wanaichapa vilevile, kwa hiyo namba peke yake isikuridhishe. Itoe uishike. Raba nzuri inakunjika na kurudi, na inakaa kwenye mfereji wa kava bila kuvutwa.

Feki isipokaa, fundi anazungushia silikoni kava zima. Hili linaniuma kuliko yote. Kwenye injini za 1NZ na 2NZ, zilizomo kwenye mengi ya magari haya, silikoni inawekwa kidogo tu, sehemu mbili ambapo kava la mnyororo linakutana na silinda hedi. Ikizidi inabanwa ndani, inakatika vipande, inaangukia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili, inaanza kunoki (kugongagonga ndani), na hapo unaambiwa ununue injini nyingine.

Bolti zake pia si za kukazwa kwa nguvu zote: ni kama Nm 10 tu kwa spana ya kupimia nguvu, zaidi ya hapo kava linapinda au bolti inakatika. Na vali ya PCV, inayotoa hewa na presha ndani ya injini, ikaguliwe, ikiziba presha inasukuma oili hata kwenye gasketi mpya.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la spea, tunza boksi na gasketi ya zamani. Ukiuziwa feki, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), bidhaa bandia ni kazi yao.

Na wewe ambaye kava lako tayari limezungushiwa silikoni, usisubiri taa ya oili iwake. Fungua sampu wiki hii, chujio likaguliwe na kusafishwa.