Kishikio cha bafuni cha kufunga kwa skrubu, kama una mzee nyumbani chukua hiki

Mama ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Akitaka kuinuka chooni alikuwa anaegemea sinki mpaka sinki lenyewe likaanza kucheza, ndo nikaagiza hiki kishikio cha stenlesi cha kufunga ukutani. Ameshakitumia vya kutosha na nakisifia bila kusita. Anashika, anavuta, anasimama, wala haniiti tena.

Nilichopenda zaidi ni unene wake, kama milimita 35 hivi, vidole vinazunguka vizuri na juu kimechorwachorwa kwa hiyo hata mkono ukiwa na sabuni hakitelezi. Na kimeachana na ukuta kiasi cha kiganja kupita, sio mkono mzima, maana mzee akiteleza mkono ukazama mle ndani unaweza kuvunjika.

Vile vya kubandika kwa mpira wa kunyonya hewa hapana jamani. Kaka alimletea mama kimoja tukakijaribu kwanza, siku ya kwanza kimeng'ang'ania utadhani kimejengewa, baada ya siku kadhaa nakivuta kidogo tu nikabaki nacho mkononi. Mpira ukikaa juu ya ule mstari kati ya tailizi na tailizi hewa inaingia polepole na kwa macho huoni kitu. Afadhali mzee ajue hana pa kushika kuliko akiamini halafu kimwachie. Ya kutundikia taulo nayo isihesabiwe, haijatengenezwa kubeba mtu.

Kasoro ipo, skrubu za kwenye boksi ni fupi, fundi alizikataa akaweka zake ndefu, na karatasi ya maelekezo haisemi kifungwe urefu gani. Sisi tulimkalisha mama kabisa pale chooni, fundi akachora alama mkono unapofika bila yeye kujinyoosha.

Mwanzoni mama alikataa, eti hivyo ni vya wagonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza ni wenye zaidi ya miaka 60, sasa hapo unasubiri augue kwanza?

Nyota nne, moja nimeitoa kwa ajili ya skrubu. Ila ujue kinasaidia pale kilipofungwa tu, njia ya usiku kutoka kitandani tumeweka taa inayojiwasha mtu akipita na kale kazulia ka mlangoni tumekatoa.