Msangamkuu siku ya sikukuu: nyota nne, ya tano imekwama chooni

Watu wa kunyumba, salamu. Desemba ikikaribia tu simu yangu haipumui, "tunakuja Mtwara kula sikukuu, watoto tuwapeleke wapi?", na wengi ni hawa ndugu zetu wa Dar wanaoshuka stendi ya Mkanaledi na mabegi na mtoto kalala begani, hata chai hawajanywa wanauliza bahari iko upande gani. Jibu langu ni lile lile, vukeni maji mwende Msangamkuu, kijiji cha ufukweni ng'ambo ya Mtwara mjini, na leo naliandika kwa kirefu ili nikiulizwa tena nawatumia hii basi.

Mjini kuna ufukwe wa Shangani, mnajua, na sina ugomvi na Shangani, jioni za siku za kawaida pazuri sana, upepo upo, mihogo ya kuchoma na pilipili ipo, bajaji inakushusha pale pale. Shida ni siku yenyewe ya sikukuu. Maspika yanapigana, kila mtu na mziki wake, halafu maji yakitoka yanatoka kweli kweli, unabaki unatembea kwenye mawe na mwani, mtoto uliyemuahidi kuogelea anakuangalia tu usoni. Anayetaka kucheza na kuonana na watu aende Shangani atafurahi. Mwenye watoto, bibi na hotpoti la pilau avuke.

Na kule kuvuka ndo nusu ya raha yenyewe. Unapandia Msemo upande wa mjini, kivuko chetu kinaitwa MV Mafanikio, nauli haifiki hata bei ya soda. Siku ya sikukuu panda tu uone, pikipiki, magunia, kuku wamefungwa miguu, kina mama na doti mpya za khanga ambazo hazijafuliwa bado ngumu zinapiga kelele wakitembea, na watoto wooote wamevaa ile miwani ya plastiki na saa za plastiki zisizotembea, yaani sikukuu bila ile miwani haijakamilika sijui nani alianzisha. Ukiwa majini unaiona bandari, na Desemba ni msimu wa korosho kwa hiyo ukibahatika unakuta meli imefunga gatini inapakia, au inapakia makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma. Bandari yetu ina kina cha asili, ndo maana meli kubwa zinaingia mpaka ndani zikipita kwenye mlango kati ya Shangani na Msangamkuu, wewe umekaa zako mchangani unaiona inapita karibu kabisa, watoto wanawapungia mabaharia mikono. Kuna siku moja ilijibu kwa honi, watoto wa kwetu waliiongelea hiyo honi mpaka shule zikafunguliwa.

Foleni ipo, sidanganyi. Saa mbili asubuhi uwe umeshafika kivukoni, ukija saa tano na hotpoti lako utasimama juani mpaka pilau ipoe.

Sasa msosi. Kuna bi mkubwa mmoja ana kibanda cha makuti, jina lake siliweki hapa maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika ukiuliza anayepaka samaki tui utaonyeshwa. Hana menyu wala hana kibao. Unasalimia, "shikamoo bi mkubwa", anakuitikia "marahaba wanangu karibuni, mko wangapi nibandike wali?", na hapo ndo oda imeshaanza. Samaki anakuonyesha wakiwa wabichi kwenye beseni unachagua mwenyewe, mi huwa nachukua samaki aina ya changu. Anamparua magamba kwa mgongo wa kisu, anamchana chana ubavuni, anamsugua chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili mbuzi, anamuweka juu ya moto wa vifuu vya nazi. Brashi ya kupakia tui ni kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha, anachovya, anapaka, anageuza, tui linadondokea motoni moshi unakuja usoni, wala hana haraka na mtu. Ukimuuliza "bado?" anakwambia "nenda kaoge kwanza". Ukirudi umeloa na njaa imekushika, wali wa nazi uko mezani, kachumbari, na yule samaki ngozi imekauka na ndani bado ana maji maji. Sahani elfu nane. Pweza anakuwepo siku bahari ikikubali, na kama msimu haujaisha anakuwa na ming'oko ya kuchemsha, wageni wa Dar waonjeni hivi vitu, ni mizizi ya porini inachimbwa huko huko kusini, mnakula chumvi na pilipili pembeni, mtashangaa.

Hapo kwenye elfu nane nina la kusema. Siku moja meza ya jirani kulikuwa na kaka mmoja, simu ya maana mkononi, anabishana na bi mkubwa ashushe iwe elfu tano, anamwambia eti "Dar Feri napata kwa bei hiyo". Kaka, hilo soko la samaki la Feri si uende. Hiyo elfu nane ukiifuatilia inavyotembea, samaki kamnunua kwa kijana aliyelala baharini usiku, nazi katoa kwa jirani yake, kuni za vifuu analetewa na watoto, na wale mabinti wawili wanaohudumia anawalipa jioni, yaani hela yote imebaki Msangamkuu haijavuka maji kurudi. Halafu mtu huyo huyo ukimkuta mtandaoni anaandika "turudishe kwa jamii". Jamii si ndo hiyo imekushikia sahani!

Na hiki kitu cha kurudisha kwa jamii ndo kilitufanya tuende tena na watu wengi zaidi. Grupu letu la mtaani tuna mchango wa mwisho wa mwaka, kidogo kidogo, mwenye elfu mbili anatoa elfu mbili, na pesa za korosho zikiingia wengine wanaongeza. Kawaida yetu ni kituo kimoja cha kulea watoto hapa mjini. Safari hii mweka hazina wetu akasema kabla ya kununua chochote tumpigie mlezi. Tukapiga. Mama wa watu akacheka kwanza, akasema "wanangu, mwezi huu biskuti na juisi tunazo mpaka tunagawia majirani, ila Januari shule zinafunguliwa na hapa viatu hakuna, pedi za mabinti hakuna, na gesi ya kupikia imekata."

Viatu vya watoto ishirini na kitu unanunuaje bila kuwapeleka dukani? Mlezi alituletea bahasha ya vijiti. Kila kijiti kimekatwa urefu wa mguu wa mtoto, na jina limeandikwa kwa kalamu ubavuni, vingine vifupi havizidi kidole. Tukaenda navyo sokoni, muuza viatu anachomeka kijiti ndani ya kiatu, kikigusa mbele anasema "ongeza namba, miguu ya watoto haisubiri", na kila kiatu kikipatikana kijiti kinabaki humo humo ndani ili visichanganyike. Nimeshachangia vitu vingi ila hii shughuli ya vijiti niliipenda. Vitu tulibebea kwenye vikapu vya ukili, maana mifuko ya plastiki tangu Juni 2019 ni marufuku na yale mabegi laini yaliyokuja badala yake hayawezi kilo tano za mchele yakafika salama, na vikapu tukaviacha kule kule.

Halafu ndo tukawachukua watoto na walezi wao, tukavuka nao. Humo kuna watoto wanaishi mji huu huu na walikuwa hawajawahi kupanda kivuko! Bi mkubwa tulimuarifu siku mbili kabla, akaandaa masufuria, na kwenye hesabu akatupigia wakubwa tu na wale wa shule, wadogo akasema "hao siwahesabu, wanakula kidole". Hatukumuomba punguzo. Tukamlipa alichotaja na tukamwachia na gunia la mkaa.

Picha hatukupiga za nyuso, mlezi aliomba hivyo na ni haki yake. Nalisema hili kwa sababu siku tuliyopeleka viatu tulilikuta kundi lingine pale, fulana zimefanana, bango refu, watoto wamepangwa juani mstari mmoja kila mmoja kashikishwa kipande cha sabuni mpaka mpiga picha apate anachotaka, "dogo cheka kidogo", weee. Mtoto akikua akute hiyo picha bado inazunguka? Jamani.

Kama hela huna, kuna kitu hakihitaji hata mia. Sikukuu ajali za bodaboda zinaongezeka na damu inaisha hospitali. Wawili kwenye grupu letu walienda kuchangia damu hospitali ya Ligula kabla ya safari, wenyewe wanasema ukiwa na miaka 18 na kuendelea, kilo hamsini na zaidi na afya yako nzuri unapokelewa, mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Damu haikai stoo kama mchele, chupa ikizidi siku 35 inamwagwa, kwa hiyo iliyotolewa Oktoba haimsaidii mtu wa Boxing Day.

Mapungufu ya Msangamkuu sasa, maana hii ni rivyu sio tangazo. Choo. Upande tuliokaa tulikuta kimoja, maji ya ndoo, mlango unashikiliwa na kamba, na foleni yake inazidi ya kivuko. Wenye watoto wadogo mnajua maana yake. Kivuli nacho ni cha kuwahi, minazi ipo ila msikae chini ya nazi zilizokomaa nawaomba. Takataka zinakera, chupa za maji zimezagaa, ingawa tulikuta vijana wa pale wanaziokota kwenye viroba na kwenda kuziuza kwa kilo, tukawasaidia watoto wakafanya mashindano. Na bahari pale karibu na mlango wa bandari ina mkondo unaovuta, watoto waogelee sehemu wanayoogelea wenyeji na mtu mzima awe majini nao, sio kwenye mkeka na simu.

Wenye gari na nafasi ya siku nzima mnaweza kwenda Msimbati, maji ya kule na mchanga ni habari nyingine kabisa, ila mbali, kama kilomita 45, na ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma kwa hiyo mjipange na kiingilio, na dereva asijitie ujuaji wa kuendesha ufukweni maji yakiwa yanajaa. Mikindani mimi naiweka siku ya kurudi, ni karibu tu, mnawaonyesha watoto Boma la Wajerumani la 1895, ambalo lilikuwa gofu mpaka shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati likawa hoteli na sehemu ya kufundishia vijana wa pale pale kazi za hoteli, na mnawaambia Livingstone alipita hapo 1866 akienda safari ambayo hakurudi. Watoto wangu walichoka haraka, wao walitaka kivuko.

Kwa hiyo Msangamkuu nyota nne, chakula peke yake kingepata tano. Mkienda mfike asubuhi, muulize pale pale kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi siku hiyo maana ratiba ya sikukuu hubadilika, mbebe maji yenu na karatasi za chooni, na chenji za mia mbili na mia tano bebeni nyingi, lipa namba bi mkubwa anayo ila ukivuka tu mtandao unakuja na kuondoka.