TAHADHARI: Pistoni za "kotingi" zilizopuliziwa rangi ya kopo

Watu wa boda na mafundi wa Mombasa, kaeni chonjo. Kuna pistoni za Boxer 150 na pikipiki nyingine za kupozwa kwa hewa zinazouzwa mkononi na kwenye magrupu ya WhatsApp kama "pistoni za kotingi", yaani zilizopakwa tabaka jembamba la kinga. Muuzaji anaahidi injini haitachemka hata ukikwama foleni ya feri Likoni, na eti silinda iliyolika haihitaji kuchongwa (kupanuliwa kwa mashine iwe laini tena), kotingi itaziba nafasi. Hilo la pili ndilo linaloua injini.

Kotingi halali ipo. Ni grafiti au molibdenamu iliyochanganywa na gundi maalumu, ikapakwa kwenye sketi ya pistoni (ubavu wake wa chini, chini ya ringi) na kuokwa kwa joto, unene kama maikroni 10 hadi 20 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Kazi yake ni kuilinda sketi isikwaruzwe injini inapowashwa baridi, oili haijafika vizuri. Pistoni nyingi hutoka kiwandani nayo, kwa hiyo kuilipia zaidi ni kulipia kitu ulichokwisha kununua. Na hesabu ni nyepesi: silinda ikiwa imelika milimita 0.10, maikroni 20 kila upande ni 0.04 tu, tena hiyo yenyewe huisha kwa msuguano. Pistoni itagonga, oili itapanda, moshi wa bluu utarudi.

Joto nalo ni hadithi nyingine. Kotingi ya sketi haipozi injini. Ile ya kauri juu ya kichwa cha pistoni hupunguza joto linaloingia kwenye pistoni, na ina maana kwa injini za mashindano. Boda ya abiria huchemka kwa mapezi ya silinda (yale ya kupitishia hewa) yaliyojaa tope, oili iliyopungua, au kabureta inayonyima petroli. Anza hapo, ni bei ya sabuni.

Kabla ya kulipa, chukua kitambaa cheupe chenye thina usugue sketi. Kotingi ya kweli yaweza kuacha weusi kidogo lakini haibanduki. Rangi ya kopo hulainika na kutoka. Angalia ndani ya mifereji ya ringi na tundu la pini (inayoiunga pistoni na konrodi): ukikuta rangi humo, rudisha. Rangi humo huzifanya ringi zikwame, na ikibanduka huenda kuziba chujio la oili. Tazama pia alama za juu, mshale na saizi (STD ni ya kawaida; 0.25 na 0.50 ni milimita zilizozidi). Zikiwa zimefunikwa, mara nyingi ni pistoni kuukuu na mikwaruzo yake imefichwa.

Halafu pima. Maikromita (kipimo cha unene mdogo) kwenye sketi, pembe mraba na pini, karibu na chini. Silinda ipimwe juu, kati na chini, pande mbili. Ikipita kikomo cha mtengenezaji, ichongwe kwa saizi ya pistoni uliyonayo mkononi, si kinyume chake. Ringi iingize kwenye silinda ikae sawa, pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia): kwa kipenyo cha milimita 56, karibu milimita 0.22 ni sawa.

Usitume M-Pesa kabla ya kuishika pistoni, na udai risiti yenye jina la duka. Kama imeshafungwa na inavuta moshi, usiiendeshe "izoee". Fungua hedi na bloki, toa pistoni, osha chujio, mwaga oili yote.