Mashavu yamebonyea: mafuta yako mwenyewe au fila?

Kuanzia Kibokoni hadi Nyali, hapa Mombasa, wakikaa wanawake kungoja hina ikauke, mjadala huu hauishi. Kwa pesa ya leo, fila ni nafuu: sindano ya jeli ya kujaza mashavu, iitwayo asidi ya haialuroniki, nusu saa, waenda zako. Lakini baada ya miezi 6 hadi 18 imeyeyuka, na pochi yafunguliwa tena. Mafuta ni upasuaji hasa: yavutwe kwa mrija tumboni au pajani, yasafishwe, ndipo yadungwe usoni. Gharama ni kubwa mara moja, ila yaliyoshika hukaa miaka.

Tatizo ni hilo neno "yaliyoshika". Sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili miezi ya mwanzo, na hakuna daktari awezaye kukuahidi kiasi gani kitabaki. Wengine hurudia. Tena ni mafuta hai: ukikonda hupungua, ukinenepa hujaa. Uso nao huvimba wiki mbili hivi, basi harusi ikiwa Ijumaa ijayo, usithubutu.

Kwa kurekebisha makosa, fila yashinda waziwazi: iko dawa ya kuiyeyusha. Mafuta hayana. Zote mbili zaweza kuziba mshipa wa damu, hata kupofusha, ingawa ni nadra. Hakikisha daktari yumo kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya. Sindano ya saluni siiingizi hata kwenye ulinganisho.

Mwenye uzito uliotulia na mashavu yaliyobonyea sana, mimi ningemwelekeza kwenye mafuta. Anayejaribu mara ya kwanza, au anayekonda kila Ramadhani, aanze na fila.