Bunduki Ipi Ibebe Darubini ya Joto? Mwongozo wa Kununua kwa Mwindaji wa Usiku

Wengi wetu tulianza kinyume. Tulinunua darubini ya joto (inayoonyesha joto la mwili wa mnyama gizani) kwanza, mara nyingi kwa bei inayozidi ya bunduki yenyewe, tukaifunga juu ya bunduki yoyote iliyokuwa kabatini. Usiku wa kwanza porini ndio uliotufundisha: shavu haligusi kitako, mtutu unaelemea mbele, kioo kinawaka mwanga mweupe kila risasi inapotoka, na mnyama aliyeonekana wazi dakika moja iliyopita amegeuka doa lisilo na umbo. Kasoro haikuwa kwenye darubini. Ilikuwa kwenye bunduki iliyochaguliwa kwa kazi ya mchana.

Kabla ya yote, soma sheria na masharti ya kibali chako. Kuna sehemu uwindaji wa usiku umekatazwa kabisa, sehemu nyingine unaruhusiwa kwa nguruwe pori na wanyama waharibifu tu, na kwingine darubini ya joto inaruhusiwa mkononi lakini si juu ya silaha. Kiwambo cha sauti, yaani bomba la kupunguza mlio linalofungwa mdomoni mwa mtutu, nacho kina sheria zake. Jibu la hayo ndilo litakaloamua kama mwongozo huu unakuhusu.

Umbali hupangwa na darubini, si risasi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua darubini ya kawaida ya siku hizi, yenye sensa ya pikseli (nukta za picha) 384 kwa 288, kila pikseli ikiwa na upana wa maikromita 12, na lenzi ya milimita 25. Kwenye mita 100, pikseli moja inafunika karibu sentimita 5 za mnyama. Kwenye mita 200 inafunika karibu sentimita 10. Kifua cha mbweha basi ni pikseli moja na kitu. Ukivuta picha kwa kitufe, hupati undani wowote mpya, unapata miraba mikubwa zaidi. Lenzi ya milimita 50 inapunguza kipimo hicho hadi sentimita 2.4 kwenye mita 100, na hapo ndipo unaanza kuona masikio, mkia na namna mnyama anavyotembea.

Kuona joto na kumtambua mnyama ni mambo mawili. Darubini ya joto huona kitu chenye uhai kutoka mbali mno, kilomita na zaidi. Lakini kusema kwa uhakika kwamba huyu ni nguruwe pori na si ndama, huyu ni mbweha na si mbwa wa mtu, ni kazi ya mita 150 au chini ya hapo kwa vifaa ambavyo wengi wetu tunaweza kuvimudu. Pembe hazionekani vizuri. Rangi haipo. Kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hii, ndiyo maana lenzi zake hutengenezwa kwa gerimaniamu na si kwa kioo cha kawaida, na ndiyo maana mtu aliyekaa ndani ya gari lililofungwa madirisha haonekani kabisa. Kijiti chembamba kilichopoa sawa na hewa hakionekani, lakini risasi inakiona.

Kwa hiyo bunduki ya usiku ichaguliwe kwa kazi ya mita 50 hadi 150. Orodha yangu ifuatayo imepangwa kwa kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza: bunduki ya bolti, mtutu mfupi, kaliba ya .308 Winchester au 6.5 Creedmoor

Bunduki ya bolti ni ile unayoifungua na kuipakia kwa mkono kwa komeo lake kabla ya kila risasi; kaliba ni aina ya risasi inayotumia. Ningekuwa na ruhusa ya kumiliki moja tu, ningechukua hii bila kusita. Mtutu uwe wa sentimita 41 hadi 46, uwe na uzi wa skrubu mdomoni wa kufungia kiwambo, na kitako kiwe na sehemu ya shavu inayopanda na kushuka.

Sababu ya ufupi ni hesabu tu. Kiwambo huongeza sentimita 15 hadi 20. Mtutu wa sentimita 61 ukiongezewa kiwambo unakaribia sentimita 80, na gizani utagonga kila tawi na kila mlango wa gari. Ukiufupisha hadi sentimita 46, risasi ya .308 ya gramu 10.7 inapoteza kasi ya mita 40 hivi kwa sekunde kutoka kwenye 820 inazoandikiwa. Kwa mita 150 hasara hiyo huioni. Bunduki iliyowekwa shabaha kwenye mita 100 itapiga chini kwa sentimita 4 hivi kwenye mita 150, na kifua cha nguruwe ni kipana kuliko hapo mara nyingi.

Kati ya kaliba hizi mbili, mimi nachagua .308. Imekuwepo tangu 1952, risasi zake hupatikana kwa aina nyingi, na inamwangusha nguruwe mkubwa bila ubishi. 6.5 Creedmoor, ya 2007, ina mrudisho (msukumo wa bunduki begani) mwepesi zaidi, na hilo lina uzito wake usiku: picha haikutoki jichoni, unaona risasi ilipofikia. Lakini ubora wake mkubwa ni kuipita hewa kwa masafa marefu, na masafa marefu usiku hatuyatumii. Kama bega lako linalalamika, au kama bunduki itatumiwa pia na mtu mwenye umbo dogo, chukua 6.5. .243 Winchester nayo inaingia hapa kwa wale ambao mnyama wao mkubwa ni swala wa wastani na si nguruwe dume.

Bolti naipenda usiku kwa jambo jingine. Unapomaliza, unaifungua, unachungulia, unagusa chemba, pale risasi inapokaa, kwa kidole. Gizani, ukiwa na wenzako wawili na gari, kujua kwa kidole kwamba bunduki iko tupu ni amani isiyo na bei.

Nafasi ya pili: .223 Remington ya bolti

Kwa mbweha, na kwa waharibifu wa ukubwa huo, hakuna kitu kinachokaa vizuri zaidi chini ya darubini ya joto. Risasi ya gramu 3.6 hutoka na kasi ya mita 980 hivi kwa sekunde, mwendo wake umenyooka, na mrudisho ni mdogo kiasi kwamba unamwona mnyama akianguka. Kukadiria umbali gizani ni kugumu, maana picha ya joto haina kivuli wala kina, kwa hiyo risasi inayonyooka inakusamehe ukikosea mita 30.

Ila usiipeleke kwa nguruwe dume mkubwa kwa kuwa tu ndiyo uliyonayo. Wapo wanaofanikiwa kwa risasi nzuri iliyowekwa mahali pake. Lakini usiku mahali pake hupaoni vizuri, na kumfuata nguruwe aliyejeruhiwa vichakani kwenye giza ni hatari ambayo hakuna mtu anapaswa kujitengenezea. Katika baadhi ya nchi sheria pia inakataza kaliba hii kwa paa na jamii yake.

Nafasi ya tatu: nusu otomatiki

Pale sheria inaporuhusu, na pale kazi ni kundi zima la nguruwe wanaofukua shamba, bunduki ya nusu otomatiki (inayojipakia yenyewe baada ya kila risasi) ina faida ya kweli: risasi ya pili haikuondoi shavu kwenye kitako. Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Ukifunga kiwambo, gesi hurudi nyuma kupitia chemba na kukupiga usoni, machoni hasa, isipokuwa mfumo wa gesi uwe wa kurekebishika. Ukinunua, ulizia hilo kwanza. Pili, kundi linapotawanyika linakimbilia pande zote, na uwanja wa darubini ni mwembamba. Sensa ya 384 na lenzi ya milimita 35 inakuonyesha upana wa mita 13 tu kwenye mita 100. Ukimfuata nguruwe anayekimbia kwa picha hiyo, hujui mtutu unaelekea kwenye nini baada ya yule nguruwe. Mwenye nidhamu ya kuacha kupiga, bunduki hii itamfaa. Anayeanza, hapana.

Nafasi ya nne: bunduki yako ya mchana na kifaa cha kufunga mbele

Hiki ni kifaa cha joto kinachokaa mbele ya darubini ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba hubadilishi bunduki. Ubaya ni uzito kuwa mbele kabisa, na kwamba unakuza skrini ndogo: ukipita ukuzaji wa mara 4 au 6 picha inaharibika. Kama darubini yako ya mchana inaanzia mara 5, kifaa hiki hakikufai. Kinamfaa mwenye bunduki anayoiamini sana na anayetoka usiku mara chache kwa mwaka.

Zilizobaki

.300 Blackout yenye risasi za chini ya kasi ya sauti inasifiwa kwa ukimya wake, na kweli ni kimya. Lakini risasi hiyo ya gramu 14 hutembea mita 300 hivi tu kwa sekunde. Ukiiweka shabaha kwenye mita 50, kwenye mita 100 imeshuka zaidi ya sentimita 20. Ukikosea umbali, umekosa au umejeruhi. Itumie tu kama una kipimo cha umbali cha leza na unapiga karibu.

.22 LR kwa sungura na panya ni chaguo zuri na la gharama ndogo, ndani ya mita 60. Itahitaji darubini yenye uwanja mpana, lenzi ya milimita 19 au 25, maana unapiga karibu. Kumbuka risasi hii hudunda ardhini na kwenye mawe kirahisi.

Bunduki za magnum za masafa marefu usinunue kwa kazi hii. Mlipuko wake hujaza picha joto, mrudisho wake hutikisa vifungo, na umbali unaolipia hutautumia.

Vitu vinavyobeba darubini

Darubini za joto zenye bomba la milimita 30 hukaa kwenye pete za kawaida, na hilo ndilo ningependekeza, kwa sababu jicho linakaa pale pale lilipozoea mchana. Zenye umbo la sanduku huhitaji reli ya Picatinny (reli yenye mifereji inayofungwa juu ya bunduki), na mara nyingi hukaa nyuma sana au juu sana. Reli iwe kipande kimoja, ya chuma au alumini ngumu. Zingatia pia umbali wa jicho: nyingi hutaka sentimita 5 hivi, chini ya darubini ya kawaida, na bunduki yenye mrudisho mkali inaweza kukukata nyusi.

Uzito ujumlishe dukani, si porini. Bunduki kilo 3, darubini karibu kilo 1, kiwambo nusu kilo. Unabeba kilo 4 na nusu kabla ya risasi.

Kiwambo si anasa kwenye kazi hii. Mlio wa .308 unazidi desibeli 160, na masikio huanza kuumia kwa mlio mmoja wa desibeli 140. Kiwambo kizuri hupunguza 25 hadi 30, kwa hiyo vaa kinga ya masikio hata hivyo. Faida nyingine ni kwamba kinameza mwako unaoijaza picha mwanga. Hasara ni joto lake: baada ya risasi kadhaa linapanda mbele ya lenzi na picha inaanza kucheza kama mazigazi ya barabarani. Kifuniko cha kitambaa cha kuzuia joto hupunguza tatizo hilo.

Fedha zikibaki, usizipeleke kwenye darubini kubwa zaidi. Nunua stendi ya miguu mitatu yenye kishikio cha bunduki, na darubini ndogo ya joto ya mkononi. Stendi inakupa risasi tulivu ukiwa umesimama, juu ya majani ambayo ukilala yanakuziba. Ya mkononi ndiyo ya kutafutia. Anayepekua shamba kwa darubini ya bunduki anaelekeza mtutu kwenye kila kiumbe anachokiona, na baadhi ya viumbe hivyo ni watu. Hili silisemi kwa upole: kama bajeti haitoshi vyote viwili, nunua ya mkononi mwaka huu na ya bunduki mwakani.

Kuiweka shabaha

Karatasi ya kawaida haionekani kwenye joto. Bandika kipande cha karatasi ya alumini chenye upana wa sentimita 5 kwenye kadibodi na uinamishe kidogo kuelekea mbinguni. Alumini huakisi ubaridi wa anga na kuonekana kama doa jeusi lenye kingo kali. Pakiti ndogo ya kupasha mikono nayo inafaa.

Weka shabaha ukiwa na kiwambo kimefungwa, kwa risasi zile zile utakazowindia, kwenye mita 100. Kisha ivue darubini, ifunge tena kwa nguvu ile ile ya skrubu, na upige tatu nyingine. Zikihama zaidi ya sentimita 3, vifungo vyako si vya kuaminika na vinapaswa kurudi dukani kabla hujatoka nayo usiku.